Figo: Tusingoje mashine

Katika miji na vijiji vya mkoa wetu wa Kilimanjaro, daftari la michango si kitu kigeni. Leo hupitishwa kwa ajili ya harusi, kesho kwa ajili ya msiba, na siku hizi hupitishwa pia kwa ajili ya jamaa ambaye figo zake zimeacha kufanya kazi na ambaye hana budi kusafishwa damu kwa mashine. Watu hutoa. Mwenye elfu hutoa elfu, mwenye mbuzi huuza mbuzi, na walioko Dar es Salaam hutuma kwa simu. Jambo hili ni la kusifiwa, kwani laonyesha kwamba undugu haujafa miongoni mwetu. Hata hivyo, tukilitazama daftari hilo kwa makini, tunalazimika kuuliza swali ambalo si rahisi kuulizwa mbele ya mgonjwa: Tulikuwa wapi miaka kumi iliyopita, ugonjwa ulipokuwa ukianza, wakati kipimo cha bei ndogo kingetosha kuugundua?

Hatuulizi hivyo ili tumlaumu mgonjwa yeyote. Tunauliza kwa sababu tunaamini kwamba wengi wa wale ambao daftari litapitishwa kwa ajili yao miaka kumi ijayo wapo nasi leo, wakilima, wakifundisha, wakiendesha magari na kuuza sokoni, nao hawajui kwamba ni wagonjwa.

Yafaa kwanza tuelewe kazi ya figo. Figo ni viungo viwili vyenye umbo la haragwe, kila kimoja kikiwa na ukubwa wa ngumi, vilivyo upande wa mgongoni chini ya mbavu. Ndani ya kila figo mna vichujio vidogo mno vipatavyo milioni moja. Kwa siku moja figo za mtu mzima mwenye afya huchuja majimaji ya damu yapatayo lita 180. Karibu yote hurudishwa mwilini, na lita moja au mbili tu, pamoja na taka, hutoka kama mkojo. Zaidi ya hayo, figo hupima chumvi na maji ya mwili, husaidia kuongoza shinikizo la damu, huuamuru mwili utengeneze chembe nyekundu za damu, na huitayarisha vitamini D ili mifupa iwe imara. Ndiyo maana figo zikidhoofika, mtu haumwi mahali pamoja tu. Hupungukiwa damu, presha hupanda, mifupa hulegea, na moyo nao huingia taabuni.

Madaktari huuita ugonjwa huu kuwa sugu pale dalili za kuharibika kwa figo zinapodumu kwa zaidi ya miezi mitatu. Huugawa katika hatua tano, kwa kutazama figo zinachuja kiasi gani kwa dakika. Katika hatua ya kwanza uchujaji ni wa kawaida, ila mkojo tayari huonyesha kasoro. Katika hatua ya tano uchujaji umeshuka chini ya 15, hali kwa mtu mwenye afya huwa 90 au zaidi. Kati ya hatua hizo mbili huweza kupita miaka mingi, na katika sehemu kubwa ya miaka hiyo mgonjwa haumwi chochote. Maumbile yametupa figo zenye akiba kubwa. Nusu ya nguvu zake zaweza kupotea na mtu akaendelea kupanda mlima na jembe begani.

Akiba hiyo ni baraka, lakini pia ndiyo inayotudanganya. Dalili zinapojitokeza, huwa tumekwisha kuchelewa: miguu na uso kuvimba, mkojo wenye povu lisilokwisha, kuamka mara nyingi usiku kukojoa, uchovu, kuwashwa mwili, kukosa hamu ya chakula, kichefuchefu na kuhema. Hata hapo, dalili hizi hupewa majina mengine. Huyu ataambiwa ana malaria, yule ataambiwa amechoka na kazi, na mwingine atapelekwa kwa mganga ili amtafute jirani aliyemroga. Wahenga walisema mficha maradhi kilio humfichua. Kwa maradhi ya figo, mgonjwa hafichi chochote. Maradhi yenyewe ndiyo yanayojificha, nayo yasipotafutwa hayaonekani.

Haya si mambo ya nchi za mbali. Mwezi wa Aprili mwaka 2015 yalichapishwa matokeo ya utafiti uliofanywa papa hapa kwetu, mjini Moshi na katika vijiji vyake, kwa kuwapima watu wazima majumbani mwao. Ilionekana kwamba asilimia 7 walikuwa na ugonjwa sugu wa figo. Mjini kiwango kilikuwa asilimia 15.2, na vijijini asilimia 2. Katika kila wagonjwa kumi waliogunduliwa, ni kama mmoja tu aliyekuwa akijua habari za ugonjwa wake. Tena, karibu nusu ya wagonjwa hao hawakuwa na shinikizo kubwa la damu, wala kisukari, wala virusi vya UKIMWI, yaani yale mambo matatu ambayo watafiti waliyapima kama vyanzo.

Takwimu hizo zastahili kutafakariwa. Zatuambia kwamba mtu wa mjini yumo hatarini zaidi kuliko ndugu yake aliyebaki mlimani, na watafiti walikiri kwamba sehemu kubwa ya tofauti hiyo hawakuweza kuieleza kwa yale waliyoyapima. Lakini zaidi ya yote zatuambia kwamba tisa katika kumi walikuwa wakiishi gizani. Watu hao hawakukataa matibabu. Hawakujua kwamba wana jambo la kutibiwa.

Vyanzo vinavyojulikana vyema ni vingi. Kisukari na shinikizo la damu ndivyo vinavyotajwa kwanza kote duniani, navyo vyaongezeka kwetu. Vipo pia virusi vya UKIMWI, seli mundu, uvimbe wa vichujio unaofuata baadhi ya maambukizo, mawe ya figo, na tezi dume inayoziba njia ya mkojo kwa wazee. Kwa ndugu zetu wa kandokando ya Ziwa Victoria kuna kichocho, ambacho kikiachwa bila dawa chaweza kuziba mirija inayoleta mkojo kutoka kwenye figo. Mama aliyepata kifafa cha mimba, au presha wakati wa ujauzito, naye huwa katika hatari zaidi katika miaka ya baadaye.

Hata hivyo, kipo chanzo kimoja tunachokinunua kwa fedha zetu wenyewe. Tunazungumza juu ya dawa za kutuliza maumivu zinazouzwa kila duka la dawa bila swali. Dawa za jamii ya diklofenaki na ibuprofeni zina faida yake zikitumiwa kwa siku chache na mtu mwenye figo nzima. Lakini mzee anayezimeza kila siku kwa miezi kwa ajili ya magoti, huku ana presha au kisukari, anaziumiza figo zake bila kujua. Afadhali amwulize mganga wa zahanati. Huenda parasetamoli kwa kipimo kinachotakiwa ikamtosha bila kumletea madhara hayo.

Juu ya miti shamba tutasema kwa uangalifu, maana hatupendi kudharau elimu ya mababu. Ipo mimea yenye manufaa. Lakini mmea wenye nguvu ya kuponya una nguvu ya kudhuru pia, na figo ndizo zinazopewa kazi ya kuitoa sumu. Hili si jambo la Waafrika peke yao. Huko Ubelgiji, mwanzoni mwa miaka ya 1990, wanawake kadha wa kadha waliotumia majani ya kupunguza unene waliharibikiwa figo kabisa. Anayetumia dawa ya asili amweleze daktari waziwazi, na daktari naye amsikilize bila kumkemea, kwani mgonjwa aliyekemewa hurudi nyumbani na siri yake.

Sasa tuulize: Ugonjwa huu hutafutwaje? Hapa ndipo penye habari njema, na hapa ndipo tunapoona uzembe wetu. Hahitajiki mtaalamu kutoka ng'ambo. Vinahitajika vipimo vinne: kipimo cha presha, kipimo cha sukari, kijiti cha kuchovya katika mkojo ili kuona kama mna protini, na kipimo cha damu kinachoitwa kreatinini. Vitatu vya kwanza vyaweza kufanyika katika zahanati. Cha nne huweza kufanyika katika maabara ya hospitali ya wilaya. Tena inafaa ieleweke kwamba kreatinini peke yake haitoshi, kwa kuwa yaweza kuonekana ya kawaida wakati sehemu kubwa ya uwezo wa figo imekwisha kupotea. Mkojo husema mapema zaidi.

Tazama jinsi tunavyofanya kwa mama mjamzito. Akifika kliniki hupimwa presha, na utaratibu wataka mkojo wake upimwe protini. Ni desturi nzuri iliyookoa maisha ya wengi. Lakini mumewe, mwenye umri wa miaka hamsini na presha ya miaka minane, huingia zahanati hiyo hiyo, hupimwa presha, hupewa vidonge na kuondoka. Hakuna anayemwomba mkojo. Kijiti kipo chumba cha pili. Twasema kwamba jambo hili halihitaji bajeti mpya wala kikao cha wataalamu. Lahitaji amri moja ya mganga mkuu wa wilaya: kila mwenye presha na kila mwenye kisukari apimwe mkojo na kreatinini walau mara moja kwa mwaka, na matokeo yaandikwe katika kadi yake.

Kwa anayegunduliwa mapema, mengi yanawezekana. Presha ikishushwa na kudumishwa chini, sukari ikidhibitiwa, na tumbaku ikiachwa, kasi ya kuharibika kwa figo hupungua sana. Zipo dawa za siku nyingi, kama enalaprili na losatani, ambazo licha ya kushusha presha huvilinda vichujio vyenyewe. Lipo pia kundi jipya lililoanza kama dawa ya kisukari, miongoni mwake dapagliflozini na empagliflozini, ambalo majaribio makubwa yaliyotangazwa mwaka 2020 na 2022 yalithibitisha kwamba huzisaidia figo hata za wasio na kisukari. Dawa hizi hazirudishi figo iliyokwisha kufa. Huipa ile iliyobaki miaka zaidi, na kwa baba mwenye watoto shuleni, miaka ni kila kitu.

Chakula nacho kina neno lake. Shirika la Afya Duniani hushauri chumvi isizidi gramu 5 kwa siku, yaani kama kijiko kimoja cha chai kwa vyakula vyote pamoja. Nasi watu wa huku tukumbuke kwamba magadi tunayotia katika kiburu na maharage yana sodiamu kama chumvi. Halafu kuna ndizi. Mtu wa mkoa huu akiambiwa aache ndizi huona kama ameambiwa ahame kwao. Ukweli ni kwamba wagonjwa wengi wa hatua za mwanzo hawana haja ya kuziacha. Wanaopaswa kuzipunguza ni wale ambao damu yao imepimwa na kuonekana ina potasiamu nyingi, kwa sababu potasiamu ikizidi yaweza kuusimamisha moyo ghafula. Hata wao wakikata ndizi vipande, wakazichemsha katika maji mengi na kuyamwaga maji hayo, hupunguza sehemu ya potasiamu. Vivyo hivyo, lile shauri la kila mahali la kunywa maji mengi halimfai kila mtu. Mgonjwa wa hatua ya mwisho ambaye hapati mkojo huweza kuzama kwa maji aliyoyanywa. Kwa hiyo kila mgonjwa afuate kipimo chake, asifuate cha jirani.

Wapo ambao, pamoja na jitihada zote, hufika hatua ya tano. Kwao nako si mwisho wa maisha, na ingefaa tuache kuwalilia wangali hai. Tangu Daktari Willem Kolff alipounda mashine yake nchini Uholanzi mwaka 1943, usafishaji wa damu umewaokoa watu wasio na idadi. Lakini tusidanganyane juu ya uzito wake. Kwa kawaida mgonjwa hulazwa kando ya mashine saa nne, mara tatu kwa wiki, maisha yake yote au mpaka apate figo nyingine. Kwa mwaka ni mara 156. Kila mara mashine hutumia maji yaliyosafishwa kwa namna ya pekee yapatayo lita 120, na umeme usiokatika. Mkono uliotengenezewa njia ya damu haubebi mzigo wala haufungwi kipimo cha presha. Ukiongeza nauli, siku za kazi zinazopotea na ndugu anayesindikiza, utaona kwa nini daftari la michango halitoshi. Mchango huisha, mashine haiishi.

Hapa tuna neno kwa waajiri. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 iliweka likizo ya ugonjwa ya siku 126 katika kila mzunguko wa miezi 36, nusu yake kwa mshahara kamili na nusu kwa nusu mshahara. Mfanyakazi anayekwenda kwenye mashine mara tatu kwa wiki akihesabiwa kila mara siku nzima, atazimaliza siku hizo katika wiki 42. Baada ya hapo atabaki na zaidi ya miaka miwili ya kuomba huruma. Twatoa wito kwa waajiri, wa umma na wa binafsi, wawapangie watu hawa zamu zinazolingana na ratiba ya hospitali. Mwalimu anayesafishwa damu asubuhi ya Jumatatu, Jumatano na Ijumaa aweza kufundisha Jumanne na Alhamisi, na kusahihisha madaftari jioni nyingine akijisikia nafuu. Kumwachisha kazi ni kumnyang'anya mshahara na bima yake siku ile ile anapovihitaji zaidi.

Njia iliyo bora kwa wengi ni kupandikizwa figo. Hospitali ya Taifa ya Muhimbili ilifanya kazi hiyo kwa mara ya kwanza nchini mwezi wa Novemba 2017, na Hospitali ya Benjamin Mkapa ya Dodoma ikafuata mwaka 2018. Kabla ya hapo wagonjwa wetu walipelekwa India. Ni hatua ya kujivunia. Lakini figo hutoka kwa mtu, na kwetu imetegemewa itoke kwa ndugu aliye hai. Hapo vikao vya ukoo huwa vizito. Mtu mzima mwenye afya, aliyepimwa na madaktari wakaridhika, aweza kuishi vyema kwa figo moja. Hata hivyo hana budi kukubali kwa hiari yake. Si haki kumsukuma mdogo wa mwisho kwa sababu hana mke, wala kumwita mchawi dada aliyeogopa kisu. Naye aliyepokea figo ajue kwamba atameza dawa za kuilinda maisha yake yote, wala asiziache kwa sababu anajiona amepona.

Serikali nayo ina sehemu yake. Mwaka 2023 Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote, na mwezi wa Mei 2025 Mkutano Mkuu wa Shirika la Afya Duniani ulipitisha kwa mara ya kwanza azimio linalohusu afya ya figo. Tunayapongeza yote mawili. Lakini kwa mwananchi wa Rombo au Same thamani ya maazimio itapimwa zahanati: je, kijiti cha mkojo kipo? Je, enalaprili ipo mwezi huu, na mwezi ujao? Je, bima italipa kipimo cha mapema kwa moyo ule ule itakaolipa mashine? Mfuko unaongoja mpaka figo zife ndipo ulipe, utalipa mara nyingi zaidi, nao utalipa kwa watu ambao hawakupaswa kufika huko.

Wazee watakumbuka kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973, wananchi walipokaa kwa vikundi kando ya redio, wakasikiliza, wakajadiliana, kisha wakainuka kwenda kuchimba vyoo na kufyeka vichaka. Hawakungoja wagonjwe kwanza. Moyo ule ndio unaotakiwa leo, na kazi yenyewe ni nyepesi kuliko kuchimba choo. Vyama vya ushirika, jumuiya za makanisa na misikiti, vyama vya wafanyakazi na vikundi vya akina mama vyaweza kumwalika mganga mara moja kwa mwaka, na kila aliyefika miaka arobaini, au mwenye presha, kisukari, au ndugu aliyeugua figo, akapimwa.

Tunamalizia pale tulipoanzia, yaani kwenye daftari la michango. Hatusemi lifungwe, aliyekwisha kuugua ni wetu, naye tutamchangia. Tunasema kwamba kila mara linapopitishwa, kila anayeandika jina lake aulize pia kama yeye mwenyewe amepimwa mkojo mwaka huu, na ndugu wa damu wa mgonjwa ndio wawe wa kwanza kwenda. Tukifanya hivyo, huenda daftari la mwaka ujao likawa na jina moja pungufu.